Jumamosi Tatu Langoni

Anaheim, 9 Januari

Shauna mwanangu,

Mwanasheria wako amesema yote yaandikwe, basi naandika. Simu umenifungia, hilo nimeshalijua. Tangu Sikukuu ya Shukrani nasikia sauti ya mashine ikinijibu kwa adabu ambayo wewe umeninyima. Sikulaumu. Natania tu, maana nisipotania nitalia, na machozi yanaharibu karatasi.

Mimi mzima. Miguu ina nguvu, moyo haujambo, nyumba ndiyo imekuwa kubwa. Nashukuru hukuirudisha zawadi ya Krismasi. Picha ya Noemi kwenye ile pasi ya mwaka niliyompa, ya kuingia Bustani ya michezo, naiona kila siku kwenye simu yangu, na pengo lake la mbele. Najua hupendi mambo ya Bustani, unasema ni kelele na foleni. Mimi nilikunja mashuka ya hoteli iliyo mkabala nayo miaka yote ile nikisikia watoto wa wenzangu wakipiga makelele ya raha ng'ambo ya barabara. Sasa nimestaafu, nataka kusikia ya mjukuu wangu.

Ombi langu ni wiki ya likizo ya Pasaka. Sijamwona Noemi tangu siku ya mahakama, na siku ile tulionana kwenye korido, akiwa ameshika mkono wako. Nina miaka sitini na tisa, Shauna. Mtoto wa miaka minane husahau upesi, na sitaki anisahau.

Naomba unijibu mapema kwa sababu ya utaratibu wa siku hizi. Zamani mwenye pasi alikuwa anaamka, anakunywa kahawa, anakwenda. Jioni nyingine nilikuwa naingia kula churro moja, ile andazi ndefu ya sukari, na kuangalia gwaride, narudi nyumbani. Sasa pasi peke yake haifungui lango. Lazima uweke nafasi ya siku yako kwenye simu, na siku za likizo zinanyakuliwa wiki nyingi kabla. Ukiweka nafasi usitokee, wanakuhesabia. Ukikosa mara tatu pasi inafungwa mwezi mzima. Siku za Pasaka nimeshamshikia Noemi, nasubiri neno lako tu. Nimekuingiza wewe pia kwenye orodha ya jamaa kama mlezi wake, ili uone kila kitu. Sina la kuficha.

Efraín, mwanangu na baba yake Noemi, hatakuwepo. Wiki hiyo atalala kwa rafiki yake Santa Ana. Nimelisema mahakamani na sasa nimeliandika.

Mama yako bado, utake usitake,
Ofelia Barragán


Bakersfield, 17 Januari

Mama Ofelia,

Barua imefika. Noemi hajambo. Lile pengo limeshaota meno.

Nimefungua hiyo orodha ya jamaa. Noemi ameandikwa mkazi wa Anaheim, mtaa wako, mpaka namba ya mlango wako. Noemi anakaa Bakersfield. Shule yake iko hapa, daktari wake yuko hapa, na paka wake asiye na adabu yuko hapa. Mwanasheria wangu alipoona hilo alivua miwani. Anasema watu huanza hivyohivyo: leo anwani kwenye kadi, kesho barua ya shule, na siku moja bibi anasimama mbele ya jaji kusema mtoto huyu ni wa nyumbani kwangu siku zote. Nieleze.

Halafu naona jina lake limewekewa nafasi kila Jumamosi tangu Desemba. Kila Jumamosi Noemi yuko darasa la kuogelea na mimi nimekaa pembeni nikipulizwa na baridi. Ni nani anayeingia hapo kwa jina lake?

Na jina la Efraín liko katikati yenu, na picha yake anacheka. Umeandika hatakuwepo. Mimi namwona yupo.

Usinione mkali bure. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa sawasawa. Mpaka leo Noemi hafungi mkanda wa gari kabla hajaniuliza kama nimekunywa kitu. Ananiuliza mimi, ambaye sinywi hata bia ya harusini. Mwanao aligonga ukingo wa barabara akiwa amelewa na mtoto nyuma, na wewe siku ile uliniambia hospitalini kwamba barabara ilikuwa na utelezi. Ilikuwa Agosti, na huku Agosti mvua hainyeshi.

Wiki nzima, hapana. Jumamosi moja mchana naweza, mimi nikikaa nje kwenye gari. Tarehe 3 Februari. Ikipita salama tutafanya ya 10 na ya 17, na baada ya hapo tuzungumze habari ya Pasaka. Ile hesabu ya mara tatu, anahesabiwa nani, wewe au mtoto? Na ikifika tatu kunatokea nini hasa?

Shauna Pruitt


Anaheim, 22 Januari

Shauna,

Jumamosi tatu ni tatu zaidi ya nilizokuwa nazo. Asante. Nimezithibitisha zote.

Habari ya anwani, ningekuwa na akili ya kuiba mtoto kwa njia ya kadi ya Bustani ningekuwa tajiri. Kuna pasi ya wenyeji, ya bei nafuu, na kuna pasi ya watu wa mbali. Hapa kila mtu anaandikisha jamaa zake kwenye mlango wake. Bi. Quach wa jirani ana mpwa anayeishi Texas, na kwa Bustani yule kijana analala sebuleni kwa shangazi yake. Tulifanya hivyo tukinywa chai, hatukumwaza jaji yeyote. Mwambie mwanasheria avae miwani yake.

Jumamosi hizo hakuna aliyeingia. Picha ya Noemi iko kwenye pasi, na pale langoni wanakutazama usoni. Nilikuwa namwekea nafasi kila Jumamosi ili siku ukisema ndiyo, pawepo. Kisha jioni ya Ijumaa, kabla siku yenyewe haijaingia, naifuta ili asihesabiwe. Wiki inayofuata naweka tena. Bi. Quach anasema ni wazimu. Labda. Lakini hata wewe ulipokuwa ukifanya kazi zamu ya usiku nilikuwekea sahani mezani, na mara nyingi hukuja.

Efraín alinunua pasi yake kwa mkataba kabla ya yale mambo, na mkataba haujaisha. Jina linakaa hapo kama kiatu cha mgeni mlangoni. Angalia vizuri, hana nafasi hata moja.

Anayehesabiwa ni mwenye pasi, yaani Noemi. Mara ya tatu ikifika, mwezi mzima hawezi kuwekewa siku mpya, na zile za mbele alizokuwa amewekewa zinafutwa zote, pamoja na za Pasaka. Kwa hiyo mkiona hamwezi kuja, gusa jina lake Ijumaa, futa, imekwisha. Nimekueleza kila kitu kama mwalimu.

Kuhusu utelezi: nilikuwa mama yake kabla sijawa shahidi. Hilo najua lilikuwa baya.

Nitawasubiri langoni, kushoto, penye maua.

Ofelia


Bakersfield, 5 Februari

Mama Ofelia,

Noemi alishikwa na homa Ijumaa. Nilipokumbuka kufuta, muda ulikuwa umepita. Pole kwa kusubiri. Tarehe 10 tutakuja, ukungu wa huku ukituruhusu.

Shauna


Anaheim, 19 Februari

Bi. Pruitt,

Nimeona nikuite hivyo, maana mkwe wangu ninayemjua asingefanya hili.

Tarehe 3 homa. Sawa, watoto hupata homa. Tarehe 10 nilikaa penye maua mpaka mfagiaji akanizoea, akaniuliza namsubiri nani. Nikasema mjukuu. Hamkuja, na hukuandika. Nikasema ukungu. Tarehe 17 jua liliwaka huku, na redio ilisema barabara ya mlimani iko wazi, hakuna theluji, hakuna ukungu. Nilivaa ile blauzi ya njano anayoipenda. Hamkuja.

Leo asubuhi pasi ya Noemi imefungwa. Siku zake za Pasaka zimefutwa zote. Nimejaribu kuzitafuta kwa simu ya Bi. Quach, zimekwisha, watu wamezibeba.

Nimekaa nikafikiri. Nani aliniuliza ikifika tatu kunatokea nini? Ni wewe. Nani alikueleza mpaka mwisho, bila kuficha? Ni mimi. Nimekata fimbo nikakupa mkononi. Hukuhitaji kumwambia jaji kwamba hutaki Noemi aje. Ulihitaji kukaa nyumbani Jumamosi tatu tu, na Bustani ikakufanyia kazi. Kufuta ni kidole kimoja, Shauna. Kidole kimoja Ijumaa jioni.

Kama hutaki nimwone, andika hivyo. Andika "sitaki". Nitalia, nitakusema kwa Bi. Quach, kisha nitanyamaza. Lakini usinifanye nikae langoni kama mtu aliyepoteza watu wake.

O. Barragán


Bakersfield, 24 Februari

Bi. Barragán,

Umetaka ukweli, huu hapa.

Homa ilikuwa ya kweli. Tarehe 10 na 17 tulikuja.

Tulivuka mlima mapema, Noemi akiwa amevaa viatu vipya na kuuliza kila baada ya kituo cha mafuta kama tumefika. Nilisimamisha gari ng'ambo ya barabara, pale mabasi ya hoteli yanaposhusha watu, nikataka kuangalia lango kwanza kabla ya kumshusha. Na nikamwona Efraín. Alikuwa penye maua, kushoto, palepale uliponiambia. Kofia ya bluu. Alikuwa akiinamainama katikati ya watu kama mtu anayejificha. Wewe sikukuona, na sikungoja nikuone. Niligeuza gari.

Nyumbani nilijiambia labda ni bahati mbaya, mtu ana haki ya kupita mahali, nisimhukumu kwa siku moja. Kwa hiyo tarehe 17 nilikuja tena, nione kwa mara ya pili. Alikuwa palepale, kofia ileile, ameinama vilevile.

Kwa hiyo usiniambie habari ya fimbo. Kufuta Ijumaa ningefutaje wakati Ijumaa nilikuwa nafunga mkoba wa kuja? Hesabu niliijua, ndiyo. Ilipofika tatu sikusikitika, hilo nalo ni kweli, liandike popote unapopenda.

Umeandika "sina la kuficha". Umeandika "hatakuwepo". Njia ya mwongo ni fupi, na yako ilikuwa Jumamosi mbili. Nilikuamini kidogo, Mama Ofelia, na kidogo hicho kilinigharimu kukipata.

Nikwambie na jambo moja ambalo sikumwambia mwanasheria. Tarehe 17 Noemi ndiye aliyemwona wa kwanza, kabla yangu. Hakulia wala hakuita. Alisema tu, "Baba amekonda." Kisha akaniuliza kama tunarudi nyumbani.

Shauna Pruitt


Anaheim, 1 Machi

Shauna,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mwenye afya. Mlikuja. Mtoto alikuwa ng'ambo ya barabara na viatu vipya, na mimi nilikuwa namlaani mama yake kimoyomoyo. Naomba radhi kwa ile barua ya tarehe 19.

Sasa nisikilize, halafu uamue.

Hukuniona kwa sababu nilikuwa chini. Niko kwenye kiti cha magurudumu tangu Oktoba. Nilianguka uani nikikusanya ndimu, nyonga ikavunjika, wakaifunga kwa chuma. Nasimama kwa kushika meza, natembea hatua za mtoto kutoka kitandani mpaka bafuni. Efraín hakuwa anajificha. Alikuwa ananiinamia mimi, kunifunga blanketi, kuniuliza kama nina baridi. Haruhusiwi kuendesha gari, kwa hiyo ananisukuma kwa miguu kutoka nyumbani mpaka langoni, kisha anaondoka. Siku zile mbili nilimwambia aondoke mapema, akasema atanisogeza kivulini kwanza. Ulimwona wakati huo.

Miguu ina nguvu, nilikuandikia. Nilidanganya. Nilijua ungesema mwanamke asiyesimama hawezi kulinda mtoto wa miaka minane kwenye umati ule, na ungekuwa sahihi, na jaji angekuwa upande wako. Kwa hiyo nilikaa na nyonga yangu kimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa ningali hai.

Jumamosi zile tatu nilipanga tusifike mbali. Tungekaa karibu na lango, tule churro, tuangalie gwaride likipita, basi.

Lile neno la Noemi sikumsomea Efraín. Nimejaribu mara mbili, sauti imekataa.

Ofelia


Bakersfield, 9 Machi

Mama Ofelia,

Pole kwa nyonga. Ungeniambia. Nafanya kazi na wazee waliovunjika nyonga siku tano kwa wiki, ningekueleza mambo ya kufanya na ya kuacha. Usikae saa nyingi bila kusimama. Mwambie anayekusukuma aangalie visigino vyako kila jioni.

Lakini nimekaa na barua yako kama ulivyokaa na yangu, na kuna jambo halikai sawa. Jumamosi tatu mngekaa karibu na lango, nimekubali. Wiki nzima ya Pasaka je? Nani angesukuma kiti ndani? Noemi?

Nikafungua tena ile orodha. Bustani ilipofunga pasi ya mtoto ilifuta siku zake, na zilipofutika nikabaki naona za wengine. Siku zako za Pasaka zipo. Za Efraín zipo pia, siku zilezile, saa zilezile. Januari hazikuwepo. Niliangalia, wewe mwenyewe uliniambia niangalie. Uliziweka baadaye, ulipoona nimelegea.

Sikuandikii kwa hasira safari hii. Hasira ilikwisha mahali fulani kati ya nyonga na blanketi. Naandika kwa sababu sijui tena ni neno lako lipi nilishike. Kila nikifunua barua nakuta nyingine chini yake.

Nitakachofanya ni hiki. Mpango wa Pasaka umekwisha, tuuache. Anwani ya Noemi nimeibadilisha, sasa ni mkazi wa Bakersfield na hata Bustani inajua. Nimejinunulia pasi mimi mwenyewe, niliyesema sitakanyaga tena huko. Pasi yake ikifunguliwa naweza kumwekea nafasi Jumanne ya tarehe 14 Mei, nimtoe shule siku moja. Siku ya katikati ya wiki watu ni wachache. Kiti nitakisukuma mimi. Nimesukuma vizito kuliko wewe.

Sharti ni moja. Kila aliye kwenye orodha ya jamaa anaiona siku na saa. Sitaweka nafasi hiyo jina la Efraín likiwa humo. Mtoe. Mimi siwezi kumtoa, nimejaribu. Inakubali mwenye orodha, na mwenye orodha ni wewe. Na asiijue tarehe. Nitaangalia. Jina likiondoka nitaweka nafasi, likibaki nitajua umechagua nini, na sitakuandikia tena.

Shauna


Anaheim, 2 Aprili

Shauna,

Umeshaona kwamba jina limeondoka. Umeshaona kwamba limechukua wiki tatu kuondoka. Nataka ujue zilivyokuwa, kisha ufikirie utakavyo.

Ni kweli. Zile siku za Efraín niliziweka mimi, mwisho wa Januari, baada ya barua yako ya kwanza. Nilijiambia ni kwa ajili ya kiti. Nilijiambia akishanifikisha kwenye bembea ya farasi wa mbao wanaozunguka atakwenda kukaa mbali, nyuma ya kibanda cha maji, na mtoto asijue. Uongo huo nilijidanganya mwenyewe kabla sijakudanganya wewe. Nilitaka awaone wanawe wawili, yaani mimi na Noemi, maana siku hizi mimi ndiye mtoto wake, ananilisha na kunivisha soksi. Nilitaka amwone binti yake akicheka. Hanywi, Shauna. Ana darasa lake la walioacha pombe, la Jumatano na la Jumapili, anakwenda kwa basi. Sikuandikii hayo ili umsamehe. Naandika kwa sababu ndiyo sababu ya uongo wangu.

Barua yako ilipokuja aliileta yeye kutoka kwenye sanduku la posta, kama zote. Hakuwahi kufungua hata moja. Niliisoma mezani, nikaikunja, nikasema ni habari za shule. Kila siku nilichukua simu, nikaenda penye jina lake. Mashine inauliza kama una uhakika. Mama gani ana uhakika? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nina mwana na nina mjukuu, na wewe ulinitaka nichague kwa kidole. Najua ni jina tu kwenye programu ya kwenda kubembea. Najua. Kidole hakikutaka.

Jumapili ya Pasaka Bi. Quach alituletea chakula. Alipoondoka nilianza kulia mbele ya sahani, sikuweza kuzuia. Efraín akauliza ni nyonga? Nikasema ni nyonga. Akaangalia simu mkononi mwangu, imefunguka penye jina lake na lile swali likisubiri. Akakaa chini. Basi nikamwambia yote: sharti lako, siku za Pasaka, ng'ambo ya barabara. Nikamwambia na lile neno la Noemi, kwamba amekonda. Sauti ilikubali safari hii.

Alikusanya makombo mezani kwa kiganja. Kisha akachukua simu mkononi mwangu. "Mama, mtoto anakuja na wewe unaniangalia mimi," akasema. Akajibu lile swali yeye mwenyewe, akanirudishia simu, akaenda kuosha vyombo.

Tarehe haijui. Hakuuliza, na sikumwambia.

Sasa nina tatizo moja, na siyo hila. Bi. Quach hawezi kunisukuma, mgongo wake ni mbaya kuliko nyonga yangu. Bila Efraín sifiki langoni. Siku hiyo asubuhi nitamwambia tu anipeleke. Anasema akijua ni siku yenu atanifikisha kwenye kona ya barabara ya Katella, penye benki, mahali ambapo lango halionekani wala yeye haonekani kutoka langoni. Ataniacha hapo na kuondoka kabla gari lako halijafika. Kutoka konani mpaka ndani ni sehemu yako. Usipomwona usidhani amejificha. Atakuwa ameondoka kweli.

Kama hilo nalo ni kosa, niambie. Nitajaribu kwa mikono yangu mwenyewe, magurudumu yana vishikio.

Ofelia


Bakersfield, 11 Aprili

Mama Ofelia,

Nafasi nimeweka. Zako, za Noemi na zangu, tarehe 14 Mei, asubuhi. Usifute kitu, usiongeze mtu. Ninaangalia bado, na nitaendelea kuangalia, sitakudanganya kuhusu hilo.

Nimemwambia Noemi habari ya kiti ili asishtuke. Ameuliza kama kina breki. Nimesema kinazo. Ameuliza kama atakalia mapajani mwako, nimesema hapana, halafu nimesema tutaona.

Ile kona ya benki naijua. Magari ya kuelekea barabara kuu yanapita hapo bila kuangalia mtu. Sitaki kufika nikute mwanamke aliyevunjika nyonga ameachwa kando ya barabara peke yake, na wewe unanijua nitakavyosema.

Kwa hiyo mwambie Efraín asiondoke. Ashike kiti mpaka nifike. Noemi atakuwa siti ya nyuma, upande wa kulia, ambao ndio upande wa benki. Nitasimama kwanza, nizime gari, kisha nitamfungulia mlango. Atashuka yeye mwenyewe akitaka.

Zaidi ya hapo siahidi.

Shauna